Kirangozi Yuko Wapi? Vijana wa Tabora na Mlango wa Uhandisi



Nimeombwa nizungumzie shinikizo linalowaelemea vijana wanaotafuta nafasi katika vyuo vya uhandisi. Ningekuwa Dar es Salaam ningeanza na udahili. Hapa Tabora siwezi kuanza na jambo jingine ila njia ya misafara, kwa sababu shinikizo hili lina babu yake, na babu huyo kazikwa huku.

Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya siku zile, mwaka 1857, aliandika kwamba vijana wa Kinyamwezi waliuona upagazi kuwa kipimo cha uanaume. Kijana alikwenda pwani, akarudi na nguo, shanga na jina. Kwa hiyo ukoo kumsukuma kijana mmoja aende mbali ili heshima irudi nyumbani si jambo lililoletwa na Baraza la Mitihani. Tunalo siku nyingi.

Lakini tusisahau namna safari ile ilivyopangwa. Upagazi ulikuwa kazi ya watu wenye ujuzi wao. Mzigo ulijulikana uzito wake, frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Ujira ulipatanwa kabla ya kuondoka, na posho ilitolewa njiani. Tajiri akizidisha mzigo, wapagazi waligoma, au walimtoroka usiku akabaki na pembe zake porini. Na mbele ya wote alitangulia kirangozi, mtu aliyekwisha kuipita njia, anayejua maji yako wapi, mwendo uwe upi, na kwa mtemi gani kuna hongo ya kulipa. Mwanagenzi hakuachwa aitafute pwani peke yake. Shikeni hilo la kirangozi, maana ndilo nililokuja kulisema.

Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na upagazi ukafa. Mwaka 1922 Waingereza wakafungua hapa shule ya wavulana kwa ajili ya watoto wa watemi na machifu. Julius Nyerere akaingia shuleni hapo mwaka 1937. Yeye mwenyewe baadaye alipenda kukumbusha kwamba nchi ilipopata uhuru ilikuwa na wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Hata kijana wa Tabora aliyefaulu vizuri miaka ya 1960 hakuwa na kitivo cha uhandisi nchini: katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki sheria ilikuwa Dar es Salaam, udaktari Makerere, na uhandisi Nairobi. Kitivo chetu kilianza mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Ni juzi tu. Wazee waliomo ukumbini walikuwa tayari wana ndevu.

Sasa tutazame mlango wenyewe ulivyo. Kijana anauchagua akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba, anapojaza kombi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano. Asipopata PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, au kombi nyingine yenye Fizikia na Hisabati, njia ya kidato cha sita kwenda programu nyingi za uhandisi imefungwa. Na Hisabati ya kidato cha nne mnaijua: kwa miaka mingi wanaofaulu nchini wamekuwa kama robo ya watahiniwa, mara nyingi hata robo hawafiki. Mwanafunzi wa shule ya kata ambayo mwalimu wa Fizikia alihama na nafasi yake haikuzibwa, ambaye jaribio la pendulamu alilisoma ubaoni, anapimwa kwa mtihani uleule na mwenzake wa shule ya vipaji maalumu. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu, na majengo mengi yakasimama. Jengo ni jengo; mwalimu ni kitu kingine.

Anayevuka hapo anakutana na hesabu ya pointi. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na kima cha chini ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. Maana yake, kwa karatasi, D ya Fizikia na D ya Hisabati zinatosha. Mzazi anasoma hivyo kwenye mwongozo, moyo unatulia. Hajaambiwa kwamba kima cha chini kinakupa ruhusa ya kuomba tu, na kwamba katika programu zinazokimbiliwa mwenye D mbili anaomba pamoja na wenye A mbili. Kijana analijua hilo, tena analijua tangu kidato cha tano. Ndiyo sababu anapiga msuli mpaka saa nane za usiku, tuisheni juu ya tuisheni, past pepa za miaka kumi nyuma, hadi anakariri jibu kabla hajasoma swali. Wa namna hii wakishaingia chuo tunawapokea sisi wahadhiri, na mwaka wa kwanza sapu zinawaandama, wengine wanadisko. Mwanafunzi mwerevu aliyefunzwa kubahatisha mtihani anahesabiwa kuwa mjinga, na yeye mwenyewe anaamini.

Halafu kuna jambo la kalenda. Mtihani wa kidato cha sita unaisha Mei. Tangu mwaka 2013 waliomaliza wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na kwa kawaida wanakwenda Juni. Matokeo yanatoka Julai, dirisha la udahili linafunguliwa, dirisha la mikopo nalo liko wazi, na kijana yuko kambini, Msange hapa kwetu au mbali zaidi, ambako simu haishikwi ovyo. Basi nani anaomba chuo?

Nendeni steshenari yoyote ya mjini mwezi huo. Mtamkuta mzee katoka Kaliua na basi la alfajiri, mkononi ana kipande cha karatasi ya daftari chenye namba ya mtihani ya mwanawe, cheti cha kuzaliwa kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Binti wa kompyuta anamwamkia, anamuuliza:

“Baba, kijana anataka kusomea nini?”

“Uhandisi.”

“Upi, baba? Kuna ujenzi, umeme, mitambo, migodi, maji...”

Mzee anafikiri. Anatazama foleni nyuma yake. “Weka wowote, mwanangu, mradi uwe uhandisi.”

Binti anaweka. Miaka minne ya maisha ya mtu imeamuliwa hapo, kwa ada ya maombi ya shilingi elfu kumi na gharama ya kuchapisha. Simlaumu mzee, kafunga safari, kakopa nauli, maana fedha ya tumbaku bado haijashuka kwenye AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Wala simlaumu binti, ambaye kwa mwezi huo ndiye ofisa udahili wa wilaya nzima. Baada ya hapo linakuja la mkopo: cheti kihakikiwe na RITA, fomu isainiwe na serikali ya kijiji, ipite kwa wakili au hakimu, ipakiwe. Saini moja ikikosekana, bumu linakwama. Kwa mabinti wa Tabora Girls na Kazima yapo ya ziada: shangazi anayeuliza uhandisi wa nini na uuguzi upo.

Lakini shinikizo zito kuliko yote tunalitengeneza wenyewe, kwa kuitambua njia moja tu. Chuo cha Reli kipo mjini hapa, hatua chache kutoka mnaponisikiliza. Vipo DIT, Chuo cha Ufundi Arusha, MUST kule Mbeya. Kijana anaweza kuingia stashahada kutoka kidato cha nne, akaipata kwa GPA ya 3.0, akaomba shahada ya uhandisi. Akipenda abaki fundi sanifu, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi inawasajili mafundi sanifu pia. Hata hivyo, mtoto akisema anakwenda stashahada, nyumbani wanampa pole. Nimewahi kuhudhuria hafla ya kumpongeza aliyekwenda chuo kikuu. Ya aliyekwenda Chuo cha Reli sijawahi kualikwa. Na haya yanatokea wakati reli ya kisasa inajengwa machoni petu: Makutupora hadi Tabora na Tabora hadi Isaka na kampuni ya Uturuki, Tabora hadi Kigoma na Wachina. Nani ataitunza njia hiyo, ishara zake na umeme wake, miaka thelathini ijayo? Kwa sehemu kubwa, mafundi sanifu.

Kwa hiyo nasema: kijana wetu hakosi bidii, wala wazazi hawakosi moyo. Anayekosekana ni kirangozi. Kijana wa nyumba yenye mhandisi hana haja ya mhadhara huu. Mjomba anapiga simu moja, kombi inachaguliwa vizuri, programu zinapangwa kwa akili. Mtoto wa mkulima wa Sikonge anasafiri na uvumi.

Ninayoomba ni madogo na hayangoji bajeti ya mwakani. Wanachuo wa Reli waende kwenye shule za kata wakakutane na kidato cha tatu, kabla kombi hazijajazwa, wakiwa na vifaa vyao mkononi. Shule zimwandalie kila mwanafunzi wa kidato cha sita nyaraka za mkopo kabla hajaondoka Mei, saini zote zikiwamo, na aache programu tano kwa mpangilio, kwa mwandiko wake mwenyewe, mzee asilazimike kukisia. Makamanda wa kambi watenge saa chache za kompyuta dirisha linapofunguliwa. Na sisi wahadhiri tuliotoka mkoa huu tutoe namba zetu za simu. Yangu nimeiacha kwa Mwenyekiti wa mkutano huu. Walimu wakuu wa Nzega na Igunga, ambao najua wana safari ndefu usiku huu, waichukue kwanza.