Kagua Ringi ya Mkokoteni Kabla ya Kubeba Mavuno

  Leo sitasema habari za mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya gurudumu la mkokoteni wa ng'ombe, na hasa ile ringi, yaani duara la chuma linaloshika tairi. Mikokoteni yetu mingi huundwa kwa ekseli na magurudumu ya magari yaliyokwisha zeeka. Hapana ubaya. Lakini ringi hizo zilikwisha gonga mashimo na mawe mengi kabla hazijafika kwako. Je, utajuaje kama imebonyea?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Msimu mmoja wa mavuno, katika kijiji kimoja cha Mbozi, mzee mmoja aliniita. Akasema, "Bwana shamba, mwanangu, hebu niangalizie mkokoteni wangu. Tairi la kushoto linaishiwa upepo kila mara." Nikaja, nikatazama gurudumu kwa upande wa nje, nikaona ni zima. Nikamwambia, "Mzee wangu, ni tyubu tu hiyo. Kazibe pancha."

Akaziba. Siku ya tatu akapakia magunia 10 ya mahindi, mzigo wa tani nzima. Katikati ya mteremko tyubu ikapasuka, mkokoteni ukalala ubavu, na maksai mmoja akavunjika mguu. Ikabidi achinjwe. Msimu uliofuata mzee yule alilima kwa jembe la mkono. Tulipofungua gurudumu tulikuta ringi imebonyea upande wa ndani, upande ule ambao mimi sikuutazama. Ukingo uliopinda ulikuwa ukiibana tyubu na kuisugua siku zote. Tangu hapo sijakagua gurudumu kwa kulitazama upande mmoja.

Basi fuateni hatua hizi.

Kwanza, shusha mzigo wote na ufungue maksai. Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la pili. Inua gurudumu unalotaka kukagua kwa jeki, na kama huna jeki, inua kwa mti mrefu imara mkiwa watu wawili au watatu. Kisha weka gogo nene chini ya ekseli. Usiingize mkono wala mguu chini kabla gogo halijakaa vizuri.

Pili, pima beringi. Shika tairi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mkono mwingine, ulitikise. Likicheza, basi beringi imelegea au nati hazikukazwa. Rekebisha hayo kwanza, maana beringi mbovu hufanya hata ringi nzima ionekane imepinda.

Tatu, osha matope na kutu, kisha tazama ukingo wa ringi pande zote mbili, nje na ndani. Pitisha kidole taratibu mzunguko mzima. Mahali palipobonyea utapasikia hata kama jicho halikupaona.

Nne, tumia kijiti. Kichomeke ardhini, ncha yake ikaribie ukingo wa ringi bila kuugusa, nafasi kama unene wa punje ya hindi. Sasa zungusha gurudumu polepole. Nafasi ikibaki ileile mzunguko mzima, ringi imenyooka. Ikiwa mahali pengine inapanuka na pengine ukingo unagonga kijiti, hapo pamepinda. Weka alama kwa mkaa. Lakini angalia ringi, usiangalie tairi! Tairi kuukuu huweza kuvimba lenyewe na kukudanganya.

Tano, tazama kama upepo unatoka. Kama tairi halina tyubu, paka povu la sabuni pale linapokutana na ringi. Mapovu yakichemka, upepo unapita hapo. Kama lina tyubu, kumbuka pancha zake zilikuwa wapi. Tyubu ikitoboka mahali palepale mara mbili au tatu, usiilaumu miiba. Fungua tairi uikague ringi.

Sasa, umekuta kasoro. Ufanye nini? Kasoro hazilingani.

Ringi inayoyumba kidogo tu, isiyopoteza upepo wala kuwa na kona kali, inaweza kuendelea na kazi. Gari linalokwenda kasi lingetetemeka, lakini mkokoteni hutembea mwendo wa ng'ombe.

Ringi ambayo ukingo wake umebonyea, hata tyubu inabanwa au upepo unatoka, ipeleke kwa fundi ainyooshe. Kabla ya nyundo, upepo wote utolewe na tairi livuliwe kabisa. Ringi ya chuma hukubali kunyooshwa ikiwa imepinda kidogo. Ile ya aluminiamu huvunjika upesi, haifai kwa mkokoteni.

Ringi yenye ufa, ndugu zangu, haifai tena. Ufa hupenda kuanzia kwenye matundu ya nati, au pale sahani ya katikati ilipoungana na duara. Huwa mwembamba kama unywele. Ili kuuona, safisha mahali hapo, paka mafuta ya taa, ngoja kidogo, kisha futa pakauke kabisa. Halafu nyunyiza unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yatatokeza na kuchora mstari juu ya chaki. Tazama pia kama matundu ya nati yamepanuka yakawa na umbo la yai. Ringi ya namna hiyo nayo iache.

Na hili mlisikie vizuri: msikubali fundi achomelee ringi ikiwa bado na tairi, hata kama upepo umetolewa. Joto huunguza mpira ndani, gesi hujaa, na tairi hulipuka kama bomu. Watu wamekufa kwa kosa hilo. Na unapojaza upepo, kaa kando, usiinamishe uso juu ya gurudumu.

Mwisho, ukienda kununua ringi iliyotumika, nenda na kamba. Ilaze ringi juu ya sakafu ya saruji. Iguse sakafu mzunguko mzima bila kubembea. Kisha pima kwa kamba kutoka ukingo hadi ukingo, ukipita katikati, mara 4 kwa kubadili mwelekeo. Vipimo vikitofautiana, ringi hiyo si duara tena. Muuzaji akikuharakisha, mwachie ringi yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa nyumba, ndiyo, tuzibe. Ufa wa ringi hauzibwi. Ringi hiyo hutupwa. Ukaguzi huu haumalizi hata asubuhi moja, na maksai mmoja huchukua miaka kumlea na kumfundisha kazi. Basi kagueni sasa, kabla magunia hayajapakiwa.