Mpeleke Mzazi Wako Darasani Kabla ya Kufunga



Ndugu zangu katika Imani, sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Mada yetu ni ugonjwa wa sukari na saumu. Nawaomba vijana msiseme, "Hayo ni ya wazee." Wazee hao ni wazazi wenu. Na wako vijana wenzenu wanaojidunga insulini kila siku.

Hebu tuseme ukweli. Mama mwenye sukari ukimwambia asifunge, hukasirika: "Nafunga tangu utotoni, leo nile mchana wa Ramadhan?" Basi hufunga kimyakimya. Dawa ya asubuhi huiacha, na magharibi huanza na kaimati na juisi. Hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka wa 2001 wataalamu walichunguza zaidi ya watu 12,000 wenye sukari katika nchi 13. Kwa wenye aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima, visa vya sukari kushuka vibaya hata mtu akalazwa viliongezeka zaidi ya mara 7 katika Ramadhan.

Jee, tufanye nini? Tusome! Utafiti wa London uliotolewa mwaka wa 2010 uliwafuata Waislamu 111 wenye aina ya pili. Baadhi yao walihudhuria darasa kabla ya Ramadhan, wengine hawakuhudhuria. Kabla ya mfungo kila kundi lilikuwa na visa 9 vya sukari kushuka. Ramadhan ilipofika, waliosoma walipata 5. Wasiosoma walipata 36.

Darasani mtu hufundishwa nini? Kwanza, kujipima. Kudunga kidole hakufunguzi saumu, kwa hivyo usiogope. Pili, dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho, moyo kudunda, kuchanganyikiwa. Tatu, mpaka wa kufungua: sukari ikiwa chini ya 3.9 au ikipita 16.7, saumu ifunguliwe papo hapo, hata ikiwa imebaki nusu saa adhana ipigwe. Iliyoshuka hutibiwa kwa vijiko vidogo 3 au 4 vya sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Nne, chakula: daku icheleweshwe wala isiachwe, na iwe na maharage au mbaazi na mboga. Futari iwe tende moja au mbili na maji. Mahamri, tambi na viazi karai visijazane sahani moja.

Dawa zenyewe hupangwa upya na daktari. Usimpangie mzazi wako kwa kusikia ya jirani. Nenda naye kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, uliza kama wana darasa la wagonjwa wa sukari, ukae naye usikilize. Yeye huenda akasahau, wewe utakumbuka.

Na daktari akisema usifunge, usione umenyimwa thawabu. Katika Surat al-Baqarah Mola wetu amempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, kwa kuwa anatutakia wepesi. Ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kumruhusu kulipa, hutoa fidya kwa kulisha maskini. Muulize sheikh wako. Mwili ni amana, na kuulinda ni ibada vilevile.

Kijana, wewe una miguu ya kumpeleka na macho ya kumsomea mashine. Wema kwa wazazi si kubusu mkono siku ya Idd pekee.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu na azikubali saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.