Neno Lenye Kushawishi na Neno Lenye Kuua

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wawakilishi wa Jumuiya Ndogo Ndogo kutoka Musoma, Bunda na Butiama



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya namna ya kusema mbele ya watu, namna ya kujenga hoja, na namna ya kuzungumza katika kikundi kidogo. Huenda baadhi yenu mlitazamia kufundishwa jinsi ya kusimama, jinsi ya kupaza sauti na jinsi ya kushika kipaza sauti kisikwaruze. Hayo yana mahali pake, lakini si hayo yaliyotufanya tukubali mwaliko huu. Tulikubali kwa sababu ya jambo lililotukia katika jumuiya moja, ambayo hatutaitaja. Wenye kuifahamu wataifahamu, nao tunawaomba watunze siri hiyo.

Jioni moja jumuiya hiyo ilikutana kwa sala nyumbani kwa familia iliyokuwa imefiwa na mtoto siku chache kabla. Baada ya Injili, ulipofika wakati wa kushirikishana, mwanaume mmoja alisimama. Alikuwa mtu wa kuheshimika, mtoaji mzuri wa zaka, mwenye sauti nzito. Akasema kwa utaratibu kwamba yeye hamtaji mtu, ila watu wanajua nani alipita uani pale Alhamisi, na mtoto akafa Jumamosi. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba macho ya mtu huyo kila mmoja ameyaona. Hakuongeza neno. Bibi aliyekusudiwa, mjane anayeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka pale, hakuwapo jioni ile kwa sababu miguu ilimuuma.

Katika mikoa hii ya Kanda ya Ziwa sote tunajua maneno ya namna hiyo huishia wapi. Wanawake wazee wamekatwa mapanga usiku katika nyumba zao kwa ushahidi usiozidi huo. Basi tunapozungumzia ufasaha na hoja hatuzungumzii pambo la wasomi.

Hebu tuyapime maneno ya yule bwana. La kwanza, bibi alipita, kisha mtoto akafa. Kutangulia kwa jambo moja hakulifanyi kuwa chanzo cha lile linalolifuata. Alhamisi hiyo hiyo walipita uani pale muuza dagaa, katekista, na mbuzi wa jirani. Mbona hao hawakutajwa? La pili, macho mekundu. Mama aliyepika kwa kuni miaka hamsini katika jiko lisilo na dirisha, akabanika na samaki wa mumewe katika moshi huo huo, atakuwa na macho ya namna gani? Wekundu ule ni kazi ya moshi. Anayemwita mchawi kwa ajili yake anamhukumu kwa sababu alilisha watoto. La tatu, ambalo ndilo baya kuliko yote, ni kule kusema “simtaji mtu”. Asiyetaja mtu hawezi kuulizwa, wala asiyetajwa hawezi kujitetea. Hoja ya kweli hujitokeza hadharani ili ipingwe. Hii ilijificha nyuma ya adabu.

Katika Kitabu cha Danieli tunasoma habari za Susana. Wazee wawili, nao ni waamuzi, walimshitaki kwa uzinzi, na kusanyiko likawasadiki kwa kuwa walikuwa wazee na waamuzi. Tayari alikuwa akipelekwa kuuawa. Kijana Danieli hakupambana nao kwa sauti kubwa. Aliomba jambo moja dogo, kwamba watenganishwe, kisha akamwuliza kila mmoja aliwaona chini ya mti gani. Kila mmoja akataja mti wake. Tuangalie vema, ndugu zetu: cheo cha msemaji kilikuwa kimelala juu ya kusanyiko zima kama blanketi zito, na swali moja la kawaida likaliondoa. Waliomsadiki mzee kwa uzee wake hawakuwa wajinga. Kwetu pia tumelelewa hivyo, na kumheshimu mzee ni jambo jema. Ila heshima tunampa mtu, na maneno yake tunayapima.

Hata hivyo, yafaa tuseme wazi kwamba kushawishi si dhambi. Wapo waumini wanaodhani kwamba mtu mwenye kusema vizuri ni lazima awe mwongo. La hasha. Aristotle wa Ugiriki, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, alifundisha kwamba msikilizaji hushawishiwa kwa njia tatu: kwa tabia ya yule anayesema, kwa kuguswa moyo, na kwa hoja yenyewe. Zote tatu ni njia halali. Hatari huja pale mbili za kwanza zinapotumika ili ya tatu isiulizwe. Yule bwana wa jumuiya alikuwa na sifa, na alikuwa na msiba ulioigusa mioyo. Hoja hakuwa nayo.

Mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, alilijua jambo hili kwa pande zote mbili. Kwanza alilitafsiri. Tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari ilitoka kwa Kiswahili chake mwaka 1963, na tafsiri iliyosahihishwa ikafuata mwaka 1969. Waliopata kuisoma wanakumbuka mazishi yale. Brutus anasema kwanza, anatoa sababu zake, anaomba aaminiwe kwa heshima yake, na umati unakubali. Halafu anapanda Antony. Anawasifu wauaji mpaka sifa inageuka kejeli, anasita kana kwamba machozi yamemzidi, anaonyesha vazi lililotobolewa, anawatamanisha kwa wosia ambao kwanza hataki kuusoma. Muda si muda umati ule ule unakwenda kuchoma nyumba. Na njiani unakutana na mshairi mmoja, Cinna. Jina lake limefanana na jina la mmoja wa wauaji. Anawaambia yeye ni Cinna mshairi, si yule mwingine, nao wanamrarua vivyo hivyo. Sisi tuonavyo, onyesho hilo fupi lina uzito kuliko hotuba zote mbili. Yule aliuawa kwa jina lake, na bibi zetu huuawa kwa macho yao.

Pili, Mwalimu alilitenda. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na hata kuwa mpiga kura kulihitaji masharti ya kipato, elimu au cheo. Wajumbe wengi walifika Tabora wakiwa wamekata shauri kuususia uchaguzi huo. Hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu angeweza kuwaambia kwamba hawaelewi siasa. Angeweza pia kuipanda hasira ile na kushangiliwa, maana hakuna kitu rahisi kwa msemaji kama kuwaambia watu lile ambalo tayari wanalitaka. Hakufanya hivyo. Hakukana kwamba masharti yale yalikuwa mabaya, kwani chama chake chenyewe kilikuwa kimeyapinga. Aliwaelekeza kwenye matokeo: TANU ikikaa nje, viti vitakwenda kwa nani? Kulikuwa na chama cha UTP, kilichoundwa mwaka 1956 na kupendwa na watawala, ambacho kingefurahi kuvichukua. Na TANU ikiingia, ni nani awezaye kuizuia kuwaunga mkono Waasia na Wazungu wanaokubaliana nayo? Mkutano ukakubali kushiriki, na shauri lile likaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. TANU na wale iliowaunga mkono wakashinda, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Si wote walioshawishika. Zuberi Mtemvu alikitoka chama, akaanzisha chama chake cha ANC, na mwaka 1962 akashindana na Mwalimu katika uchaguzi wa rais. Tunalitaja hili kwa makusudi. Ushawishi ulio mwema humwachia msikilizaji mlango wa kutoka. Ukiona msemaji ameupanga mkutano hivi kwamba asiyekubaliana naye ataonekana msaliti, au mshirika wa wachawi, fahamu kwamba hapo hakuna tena ushawishi. Kuna kulazimisha.

Sasa tuje kwenye vikundi vyetu. Maaskofu wa AMECEA waliziweka Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, ili watu wachache wanaojuana wasikilize Neno na kusikilizana. Mwalimu naye aliandika kwamba demokrasia ya mababu ilikuwa ni wazee kukaa na kuzungumza mpaka wakubaliane. Ni picha nzuri, na baba yake mwenyewe, Mtemi Burito wa Wazanaki, aliishi ndani yake. Lakini tujiulize: katika mduara ule mama waliketi wapi? Na kijana aliruhusiwa lini kusema? Kuzungumza mpaka kukubaliana kunaweza kuwa kuzungumza mpaka wanyonge wachoke.

Kikundi kidogo kina hatari yake ambayo mkutano mkubwa hauna. Katika uwanja wa watu elfu unaweza kupinga usijulikane. Katika jumuiya ya familia kumi na mbili, ukipinga, kesho utakutana naye kisimani, na shamba lenu limepakana. Kwa hiyo watu hunyamaza. Na mwenyekiti, akiona wamenyamaza, huandika kwamba wote wamekubali. Ndugu viongozi, tunawasihi kwa dhati: kimya kisiandikwe kuwa ndiyo. Kimya kina maana nyingi. Yupo anayewaza, yupo anayeogopa, yupo ambaye mtoto analia mgongoni na hakusikia swali.

Dawa zake ni za kawaida. Mwenyekiti aseme mwisho, kwani akisema kwanza wengine watasema aliyosema. Watu wakae duara kweli, wala mama wasibanwe mlangoni karibu na sufuria. Kila anayeleta habari nzito aulizwe kwa upole: hili umeliona mwenyewe, umelisikia, au unalidhani? Yote matatu yanaweza kusemwa, ila kila moja liitwe kwa jina lake. Na jambo linalogusa jina la mtu asiyekuwapo lisiamuliwe usiku huo huo.

Wala wingi wa sauti peke yake usitudanganye. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ilikusanya maoni ya wananchi juu ya mfumo wa vyama. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ilizipima sababu za wale wachache pamoja na hesabu ya wengi, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo mpaka leo wanaobishana kama ilikuwa haki kufanya hivyo, nao wana hoja. Sisi tunachochukua hapo ni kwamba kuna watu waliokaa na kuuliza wachache wanasema nini na kwa nini.

Turudi kwa yule bibi. Jioni ile, baada ya yule bwana kuketi, kimya kilikuwa kirefu. Tuseme ukweli: mmoja wetu wa Tume alikuwapo, naye alinyamaza pamoja na wengine, akitafuta maneno mazuri. Aliyesema ni mama mmoja muuza mboga, asiyepata kusimama kabla ya siku ile. Alimgeukia mama wa marehemu, akamwuliza, “Pole mwenzangu. Mtoto alianza kuchemka lini?” Mama mfiwa akajibu kwamba ilikuwa Jumatatu, Jumanne walikwenda zahanati, akapimwa, akakutwa na malaria. Muuza mboga akasema, “Basi Alhamisi alikuwa mgonjwa tayari,” akaketi. Aliyesomea uuguzi kati yao akaongeza kwamba malaria haianzi siku mbu anapouma. Hupita siku saba au zaidi kabla ya homa. Yule bwana mwenye sauti nzito alitazama chini. Sala ikaendelea.

Hata hivyo neno lilikuwa limekwisha kutoka nje ya uzio ule. Kabla ya Jumapili ya pili bibi alikuwa amechukuliwa na binti yake kwenda kuishi mbali, na mpaka tunapoandika haya nyumba yake imefungwa, maboga yanatambaa mpaka mlangoni. Jumuiya imekubaliana kwamba watu watatu waende kumwomba arudi. Muuza mboga amekwisha kukubali. Yule bwana pia ametakiwa aende, na ameomba apewe muda. Wa tatu walimtaka atoke katika Tume yetu, nasi tumesema tutakwenda.