Makaa Chini ya Majivu



Wapendwa wasikilizaji, nilipokuwa mtoto, kila usiku mama yangu aliyafukia makaa ya moto katika majivu, katikati ya mafiga. Asubuhi moja nilitazama, nikaona majivu matupu, nikataka kuyazoa nikayatupe. Mama akanizuia. Akafukua, akaweka majani makavu, akapuliza, moto ukawaka.

Somo hilo nililisahau. Nikiwa padre kijana, katekista aliniomba nimtembelee mzee mgonjwa aliyeacha Kanisa miaka mingi. Nikamjibu, "Huyo amekwisha kuzimika." Katekista hakubishana nami, alikwenda mwenyewe, jioni baada ya jioni, akaketi naye. Kabla mwezi haujaisha, niliitwa usiku. Mzee yule akaungama kwa machozi, akapokea Mpako wa Wagonjwa na Komunyo Takatifu. Nami nilirudi nyumbani nikiwa na dhambi yangu ya kuungama.

Kanisa lafundisha kwamba Ubatizo hutia rohoni alama isiyofutika. Dhambi yaweza kuzuia matunda yake, lakini haiwezi kuiondoa. Nabii Isaya alisema juu ya Mtumishi wa Bwana kwamba utambi ufukao moshi hatauzima (Isa 42:3). Basi sisi ni nani hata tuuzime?

Ndugu mpendwa, katika jumuiya yako yuko nani uliyemhesabu kuwa majivu? Juma hili kabishe hodi kwake. Usianze kwa kumhukumu, keti naye. Kuwasha moto ni kazi ya Roho Mtakatifu.