Kutoka Kariakoo Hadi Kitulo

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Ilala, Dar es Salaam)



Halmashauri imeniomba nizungumze juu ya safari. Nadhani walitaka jambo jepesi la kuchangamsha watu baada ya taarifa ya mweka hazina. Nitajitahidi. Lakini safari yenyewe ni ya kupanda mlima, na mlima hauna wepesi.

Wapo duniani watu wanaotumia akiba ya miaka mingi ili wapande gari katika milima ya Himalaya, wafike mabonde ya juu kama Spiti huko India, ambako theluji huifunga njia kwa miezi. Siwalaumu. Ila nataka kuwaonyesha kwamba mtu wa Ilala anayo barabara yake ya namna hiyo. Inaanzia sokoni kwetu na kuishia mita 2,600 juu ya bahari, kwenye uwanda wa Kitulo, Wilaya ya Makete.

Tulikwenda mwezi wa Februari mwaka jana. Tulikuwa watatu, na kiongozi wetu alikuwa mwenzetu wa darasa moja, Mkinga mwenye duka Mtaa wa Kongo. Ninyi nyote mnajua jinsi Wakinga walivyojaa katika maduka ya Kariakoo. Mimi nilitaka kuona mahali wanapotoka watu hao.

Barabara hii kuu ina historia yake. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao wa hila mwaka 1965, Zambia ilibanwa kusini, na mafuta yake yakapitishwa huku kwa malori, juu ya udongo na matope, katika njia iliyoua madereva wengi. Bomba la mafuta la TAZAMA likakamilika mwaka 1968, lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Kwa hiyo tunapopita leo tukila mahindi ya kuchoma dirishani, tukumbuke kwamba njia hii ilitengenezwa kwa sababu ya ukombozi, si kwa matembezi.

Ukitoka Dar es Salaam unapita Chalinze na Morogoro, kisha unaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50, twiga wakikutazama kama ndiwe uliyepotea njia. Baada ya hapo unaingia bonde la mibuyu. Ni mibuyu kwa mamia, minene, imesimama mteremkoni kama wazee waliokuja barazani. Hapo Ruaha Mbuyuni unakutana na mto Ruaha Mkuu. Naomba mliweke jina hilo akilini, maana tutalirudia. Halafu unapanda Kitonga, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, hadi baridi ya Iringa inapokuingia mikononi na watu wanakusalimu "Kamwene".

Mwenzetu Mkinga alitufundisha kuisoma barabara hii kama daftari la dalali wa sokoni. Mbuyuni ni vitunguu. Ilula ni nyanya. Mafinga ni mbao za Sao Hill. Njia panda ya Makambako, upande wa Njombe, ni viazi mviringo. Ukiteremka uwanda wa Usangu ni mchele wa Mbarali. Mtu aliyekulia Kariakoo akipita hapo anaona sahani yake ya chakula ikimjia kipande kwa kipande.

Kiasi cha kilomita 750 kutoka hapa tuliiacha lami, mahali paitwapo Chimala, tukageuka kushoto. Mbele yetu ulisimama mlima, na juu ya mlima huo njia ilionekana kama uzi uliotupwa ovyo. Wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Nilianza kuzihesabu, kufika ya kumi na tisa nikaacha, kwa sababu macho yalikuwa na kazi nyingine. Kila kona Usangu ilizidi kushuka chini yetu, mashamba ya mpunga yakawa vipande vidogo vya kijani, na malori ya barabara kuu yakawa kama siafu.

Katikati ya kona hizo tulikutana na lori la viazi likiteremka. Dereva alikuwa katika gia ya kwanza, na utingo akitembea kwa miguu kando ya gurudumu la nyuma, gogo begani, tayari kulitupa chini ya tairi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo uling'aa kama sabuni. Sisi tulijibana ukutani, wao wakapita kwenye ukingo. Hakuna aliyezungumza. Magunia yalikuwa lumbesa, yameshonewa kilemba juu, na utingo alituambia kwamba mzigo ulikuwa unakwenda Dar es Salaam.

Tulipofika Matamba tulipumzika kwa mama mmoja mkulima, mtu mzima, akatupa viazi vya moto. Kiongozi wetu alimjulisha kwamba sisi ni watu wa Kariakoo. Mama akauliza, "Wanangu, ninyi mnaokula huko chini, mnajua kwamba mvua ikizidi hapa mzigo hulala njiani siku mbili? Na kwamba gunia tunalolipwa ni moja, lakini tunalolijaza ni moja na nusu?" Tulitazamana. Wachuuzi wetu hulalamika juu ya bei ya viazi, na mlaji hulalamika zaidi. Yule aliyevipandisha shambani na kuviteremsha kona hamsini na saba hana mtu wa kumlalamikia.

Kutoka Matamba njia inaendelea kupanda, kisha ghafla hakuna tena cha kupanda. Huo ndio Kitulo. Ni nyasi tupu, mawimbi kwa mawimbi, hakuna mti wa kuzuia macho, na kati ya nyasi maua ya kila rangi. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Mwaka 1877 alipita hapo Mwingereza aitwaye Elton, na kwa miaka mingi Wazungu wakautia uwanda huo jina lake, kana kwamba ulikuwa unamngoja yeye auone. Mwaka 2005 ukatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na sifa yake kubwa ni mimea, si simba wala tembo. Okidi za ardhini peke yake zinafikia aina 45. Tulimwona tandawala, ndege mkubwa mwenye mwendo wa mheshimiwa, akipita katika maua hayo bila haraka.

Okidi hizo zina viazi vidogo chini ya ardhi, na Zambia vinatengenezwa chakula kiitwacho chikanda, kwa kuchanganywa na karanga. Biashara hiyo ilichimbua maua mengi mno kabla hifadhi haijatangazwa. Sheria ilifunga machimbo, na pia ikamfungia mwananchi jirani riziki aliyokuwa akiitegemea. Natamka yote mawili, kwa kuwa si haki kusifu ua bila kumtaja aliyeambiwa aliache.

Sasa naurudia mto. Maji yanayotiririka kutoka milima hii ya Kipengere na Poroto huteremka Usangu, huingia bwawa la asili la Ihefu, na kutoka hapo ndio Ruaha Mkuu. Huo hupita Mtera, bwawa lililokamilika mwaka 1980, kisha Kidatu, kituo kilichoanza kutoa umeme mwaka 1975 na chenye uwezo wa megawati 204, kisha humwagikia Rufiji, lilipo Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115. Kwa hiyo tulipokuwa tukidurusu usiku kwa taa ya umeme hapa Ilala, tulikuwa tukisomea maji ya Kitulo.

Lakini tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wakibanana katika madimbwi. Mpunga wa Usangu unahitaji maji, ng'ombe wanahitaji maji, mitambo inahitaji maji. Ni rahisi kwa mtu wa mjini kunyoosha kidole na kusema wakulima wanamaliza maji, wafugaji wanaharibu bonde. Lakini mchele tunaupikia nani? Sahani yetu na taa yetu zinagombea maji yale yale. Ugomvi unaosikika Mbarali umeanzia mezani kwetu.

Na dawa yake haipatikani kwa kelele za "panda miti" peke yake. Kule juu walituonyesha kwamba nyasi zenyewe ndizo sifongo. Hunywa mvua na kuiachia taratibu. Ukiijaza mikaratusi kwenye chemchemi, umepanda kiu.

Ndugu Mwenyekiti, nina pendekezo moja. Kila mwaka chama chetu hutoa zawadi kwa vijana wanaofaulu vizuri, nasi huwapa vitabu na kalamu. Naomba tuongeze safari hii. Tuwakodie basi vijana wa Kidato cha Tatu, na mwalimu wa jiografia, wapande Hamsini na Saba, wakae siku mbili, wasaidie kuvuna viazi, wamsikilize yule mama na wenzake, kisha waandike insha. Gharama yake si ndogo, na njia wakati wa masika ni ya hatari. Basi waende mwishoni mwa mvua, mwezi wa Mei, maua machache yangali yapo.

Miongoni mwa vijana hao atatoka mhandisi wa umeme, hakimu wa ardhi, mfanyabiashara wa Kariakoo, labda waziri. Siku atakapoketi kuamua maji yaende wapi au gunia lipimwe vipi, napenda awe mtu aliyekwisha kuona utingo akiteremka na gogo begani.

Nimeleta orodha ya michango, iko kwa mweka hazina. Jina la kwanza ni la Mkinga wetu wa Mtaa wa Kongo. La pili ni langu.