Jembe la Mgeni: Mintarafu ya Wachezaji Wapya katika Timu za Mpira wa Kikapu za Vyuo vya Marekani

Bwana Mwenyekiti, waalimu wenzangu wa mchezo, na nanyi wazazi mlioziacha shughuli zenu asubuhi hii ili mje kutusikiliza:

Huko Los Angeles, katika chuo kikuu kijulikanacho kwa herufi zake nne, UCLA, alikuwako mwalimu wa mpira wa kikapu jina lake John Wooden, ambaye kati ya mwaka 1964 na 1975 alitwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 10. Na mwalimu huyo, yalipoanza mazoezi ya mwaka, aliwakalisha chini vijana waliotoka kusifiwa na magazeti ya miji yao, akawaambia wavue viatu, kisha akawafundisha kuvaa soksi. Aliwaonyesha namna ya kuivuta soksi hata isibaki na kunjo kisiginoni wala pembeni mwa kidole kidogo, na namna ya kuikaza kamba ya kiatu tundu baada ya tundu na kuipiga fundo mara mbili, kwa kuwa kunjo huzaa lengelenge, na mwenye lengelenge hakimbii. Watu wengi hukihadithia kisa hiki kama somo la uangalifu katika mambo madogo. Mimi nakisoma vingine. Naona ya kuwa mwalimu yule alikuwa akimwambia kijana, pasipo kumvunjia heshima, kwamba zile sifa alizokuja nazo amekwisha kuzivua mlangoni pamoja na viatu vyake, na kwamba nyumba aliyoingia itamfundisha upya kuanzia unyayo.

Mniwie radhi kwa kuwapeleka mbali. Nimechagua Marekani kwa sababu huko ndiko mchezo huu ulikozaliwa, mwezi wa Desemba 1891, katika mji wa Springfield, James Naismith alipotundika vikapu viwili vya matunda kwa ajili ya wanafunzi wake 18. Na huko ndiko desturi ya kumtafuta kijana, kumbembeleza, kumtilisha sahihi na kumwingiza katika timu ya chuo ilikopata kuwa kazi kamili yenye watu wake na fedha zake. Fauka ya hayo, huko ndiko wanakokodolea macho vijana wetu warefu, na wazazi wao.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu tunaitumia kumchokoza mgeni mvivu, tukaisahau nusu yake ya kwanza, yaani zile siku mbili, ambazo si ihsani ya mwenye nyumba bali ni haki ya mgeni. Neno nililokuja nalo leo ni hili: kwamba historia ya mchezaji mpya katika vyuo vya Marekani ni historia ya zile siku mbili, jinsi zilivyokuwa nyingi zamani, jinsi zilivyopunguzwa, na jinsi jembe lilivyokuja kusimamishwa kizingitini, mgeni hajasema hodi.

Kwa miaka mingi sheria ya vyuo ilimkataza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuchezea timu kubwa. Alicheza katika timu ya wenzake wa mwaka mmoja, akahudhuria madarasa, akala na wakubwa, akawatazama. Tarehe 27 Novemba 1965 kanuni hiyo iliwekwa wazi kwa namna ya kuchekesha, maana siku hiyo UCLA ilifungua ukumbi wake mpya wa Pauley Pavilion, na timu kubwa, iliyokuwa bingwa kwa miaka miwili mfululizo, ikacheza na wageni wa mwaka wa kwanza, ambao kati yao alikuwamo kijana mmoja mrefu kutoka New York aliyeitwa Lew Alcindor, yule ambaye dunia ilikuja kumjua baadaye kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar. Wageni wakashinda 75 kwa 60, na kijana yule peke yake akafunga pointi 31. Walakini sheria ni sheria: msimu ule wageni wakaendelea kupiga timu ndogo ndogo, wakamaliza bila kufungwa, na mabingwa wakahangaika hata wakakosa kufika mashindano ya taifa. Mwaka uliofuata Alcindor akaruhusiwa, na UCLA ikatwaa ubingwa wa 1967, wa 1968 na wa 1969.

Sitasema ya kuwa sheria ile ilikuwa ya insafu kamili. Ilimnyima kijana robo ya maisha yake ya mchezo chuoni. Hata hivyo, ilimpa kitu ambacho hakiandikwi kwenye jedwali la matokeo: mwaka mmoja wa kukosea pasipo kuzomewa na taifa zima.

Mwaka 1972 sheria ikafutwa, na mgeni akaruhusiwa kucheza tangu msimu wake wa kwanza. Jambo hili husifiwa kuwa ni uhuru, na kwa upande mmoja ndivyo. Ila wasimuliaji wake wengi hawalitaji la pili, lililofuata mwaka 1973, vyuo vilipoamua kwamba ufadhili wa masomo, ambao ulikuwa ukitolewa kwa miaka minne, sasa utatolewa mwaka mmoja mmoja na kufanywa upya kwa hiari ya chuo. Yaweke mambo haya mawili pamoja, Bwana Mwenyekiti, upate kuona picha yake: katika muda usiotimia miaka miwili mgeni alipewa jembe siku ya kwanza, na mwenye nyumba akapewa ruhusa ya kumtoa mwisho wa mwaka endapo hakulima vizuri. Ikapita karibu miaka 40, hata 2012, ndipo vyuo viliporuhusiwa tena kutoa ufadhili wa miaka zaidi ya mmoja. Mzazi anayeletewa hati ya kutia sahihi, kabla hajauliza ukumbi una viti vingapi, na aulize hati hiyo ni ya miaka mingapi, na kijana atafanywaje iwapo goti litavunjika.

Nimesema habari ya muda. Lakini muda peke yake haupokei mtu. Mwaka 1966 chuo kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, kilimwandikisha Perry Wallace, kijana wa mji huohuo, akawa mchezaji wa kwanza mweusi kupewa ufadhili na kucheza mpira wa kikapu katika shirikisho lake la vyuo vya kusini. Aliupata mwaka wake wa kungoja kama wengine. Na katika mwaka huo, timu ya wageni iliposafiri kwenda Mississippi, yeye na mwenzake Godfrey Dillard walitukanwa na watazamaji kwa namna ambayo haipasi kutajwa mbele ya wazee, hata wakati wa mapumziko wakaketi chumbani wameshikana mikono. Dillard akaumia, hakupata kufika timu kubwa. Wallace akabaki peke yake, akamaliza masomo yake ya uhandisi mwaka 1970, akaja kuwa profesa wa sheria. Chuo kilimpa chakula, kitanda, vitabu na fulana yenye namba. Kilichokosekana ni mwenyeji. Nalitaja hili kwa kuwa katika timu zetu wenyewe nimepata kuona kijana kutoka bara akiletwa mjini kwa shangwe, kisha akaachwa jioni asijue basi la kumrudisha alikofikia ni lipi. Na tulipomwona hachezi vizuri tukasema hana moyo.

Sasa nije kwa wageni wa Afrika, ambao ndio hasa ninaowakusudia. Hakeem Olajuwon alipofika chuo kikuu cha Houston kutoka Lagos mwaka 1980, hakupelekwa uwanjani: alikaa mwaka mzima akifanya mazoezi bila kucheza mechi, mwaka usiohesabiwa katika haki yake ya kucheza. Mwaka wa pili akawa akiingia kutoka benchi. Mwaka 1983 na 1984 alikuwa amesimama katika fainali ya taifa, na mwaka huo wa 1984 akachaguliwa wa kwanza kabisa kuingia NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Dikembe Mutombo alitoka Kinshasa akaingia chuo kikuu cha Georgetown mwaka 1987 akiwa na nia ya kuwa tabibu. Msimu wake wa kwanza hakuichezea timu kubwa, na alipoondoka mwaka 1991 alikuwa na shahada ya isimu na ya diplomasia, pamoja na ule mkono wake mrefu uliokuwa ukiwakatalia watu kufunga.

Wa kwetu ni Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, ambaye aliushika mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, akapita shule moja ya mjini Houston, akaingia chuo kikuu cha Connecticut mwaka 2006 chini ya kocha Jim Calhoun. Yeye alicheza tangu mwaka wa kwanza, kwa kuwa zama zilikwisha kugeuka. Na tazameni alivyocheza. Mwaka wa kwanza wastani wake ulikuwa pointi 6 na kitu katika mechi. Wa pili zikapita 10. Wa tatu zikapita 13, na ribaundi zaidi ya 10, na katika shirikisho lao akatajwa mlinzi bora wa mwaka mara mbili, 2008 na 2009. Kila mwaka aliongeza, na kila mwaka alirudi kwa mwalimu yuleyule. Timu yake ikafika nusu fainali ya taifa mwaka 2009, na Juni mwaka huo timu ya Memphis ikamchagua wa pili katika vijana wote walioingia NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Kabla msimu wake wa kwanza haujamalizika wakamteremsha ligi ndogo. Hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyekuwa amewahi kuteremshwa hivyo. Watu wetu wakacheka, wengine wakaona haya. Mimi sikucheka. Mtu aliyeanza kujifunza herufi akiwa mtu mzima, akapata miaka mitatu ya mwalimu mmoja mwenye subira, si ajabu akajikwaa anapotupwa mahali ambapo hakuna mwenye nafasi ya kumfundisha soksi.

Tangu 2006 NBA inamtaka kijana awe na umri wa miaka 19 na awe amepisha mwaka mmoja baada ya sekondari. Ikawa vijana hodari kabisa huja chuoni kwa miezi minane au tisa, mfano wa manahodha wa zamani waliotia nanga kungoja pepo zigeuke, kisha huondoka. Kentucky ilitwaa ubingwa wa 2012 kwa vijana wa namna hii, kwa hiyo hakuna awezaye kusema njia hii haizai. Lakini chukueni Duke ya mwaka 2025, iliyokuwa na wageni watatu wa mwaka wa kwanza katika watano wake wa kuanzia, Cooper Flagg, Kon Knueppel na Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyelelewa Uganda. Katika nusu fainali dhidi ya Houston walikwisha kuongoza kwa pointi 14, wakafungwa 70 kwa 67. Aliyetia mitupo miwili ya adhabu iliyoipa Houston uongozi sekunde za mwisho ni J'Wan Roberts, mtu aliyeingia chuoni hapo mwaka 2019, huu ukiwa msimu wake wa sita. Na Maluach, mwenye futi 7 na ushei, hakuokota hata ribaundi moja usiku ule. Miezi michache baadaye watatu wale wa Duke walichaguliwa kuingia NBA, wa kwanza, wa nne na wa kumi. Basi nani aliyeshindwa?

Ningependa kuishia hapo, maana kisa hiki kinaitilia nguvu hoja yangu; ila haki yanidai niseme ya kuwa siku mbili baadaye Houston nayo ilifungwa katika fainali, 65 kwa 63, na Florida, ambayo walinzi wake wakuu, Walter Clayton, Alijah Martin na Will Richard, wote walianzia vyuo vingine. Siku hizi mchezaji mpya si lazima awe mtoto wa miaka 18. Tangu 2018 kuna daftari la wanaotaka kuhama. Tangu 2021 mwenye kuhama mara ya kwanza haketi tena mwaka wa kungoja. Na tangu 2024 aweza kuhama kila mwaka apendapo. Hata ile hati mashuhuri ya ahadi, ambayo kijana na mzazi wake walikuwa wakiitia sahihi tangu 1964 ili vyuo vingine vimwache, ilifutwa mwezi wa Oktoba 2024. Kocha wa leo hukusanya timu kila masika kama mwenye jahazi anavyotafuta mabaharia wa safari moja. Siwalaumu vijana: mwenye nyumba ndiye aliyeanza, mwaka 1973, kuihesabu ndoa hii kwa mwaka mmoja mmoja.

Limebaki la fedha. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo ana ruhusa ya kulipwa kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe chaweza kuwagawia wachezaji wake wa michezo yote fedha zenye kikomo, ambacho katika mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20 na nusu. Ni haki yao, tena imechelewa. Lakini mtoto wetu huingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, ambayo haimpi ruhusa ya kazi ya malipo ila kwa masharti ya dhiki, kwa hiyo katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo huketi wawili, wamevaa fulana moja, wamepewa jembe moja, na mmoja ndiye alipwaye. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2022, akiichezea Kentucky na kuokota wastani wa ribaundi 15 katika mechi. Biashara nyingi za jimbo lile zingependa kuibandika sura yake kwenye bidhaa zao, na yeye hakuweza kuwafanyia kazi hiyo. Agosti ya mwaka huo timu yake ikasafiri kwenda kucheza visiwa vya Bahamas, na huko, nje ya ardhi ya Marekani, katika saa zilizobaki baina ya mechi na mechi, akafanya shughuli za matangazo alizokatazwa nyumbani kwa wenyeji wake; kisha akapanda ndege pamoja na wenzake, akarudi kwenye mazoezi.