Dakika Moja Dukani: Wajibu wa Muuzaji na wa Simu katika Kuzuia Kujiua

Hotuba ya Afisa Uhusiano wa Polisi kwa wafanyabiashara, wazazi na viongozi wa jamii za mpakani, Bwera, katika wiki ya Siku ya Kuzuia Kujiua Duniani

       

Mmezoea kutuona polisi tukija na habari za magendo, za wezi wa mifugo, au za usalama wa mpaka. Leo nimekuja na habari ya kifo ambacho hakina mwizi wala jambazi wa kufukuzwa. Nimekuja kuzungumza juu ya watu wetu wanaojitoa uhai, na juu ya wale wanaokutana nao mara ya mwisho bila kujua.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado konstebo kijana, nilitumwa pamoja na mkubwa wangu katika kijiji kimoja cha milimani. Kijana alikuwa amejiua kwa dawa ya shambani. Tulipomaliza kazi yetu pale nyumbani tulishuka hadi kwenye duka alikonunua. Mwenye duka alikuwa mzee mpole, mtu wa ibada. Alituonyesha leseni yake. Mkubwa wangu alipomuuliza kama aliona jambo lolote lisilo la kawaida, mzee yule alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Afande, aliniamkia vizuri. Alilipa, nikamrudishia chenji yake. Uso wake niliuona kuwa si wa kawaida, lakini wateja walikuwa wengi. Sikumuuliza analima nini.”

Hakuwa amevunja sheria yoyote. Hatukumshika. Lakini nilimwona akiketi juu ya gunia na kuinamisha kichwa, nami nikaelewa kwamba lile swali moja ambalo hakuliuliza angelibeba hadi kaburini. Baba wa marehemu hakuwa na shamba la kunyunyizia dawa ile. Kijana angeulizwa “Unalima nini, mwanangu?”, asingekuwa na jibu.

Ndugu zangu, Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka ulimwenguni, na kwamba kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 hicho ni chanzo cha tatu cha vifo. Wengi wao hutoka katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu. Na katika nchi za wakulima, dawa za kuua wadudu na magugu ni miongoni mwa njia zinazotajwa mara nyingi.

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mtu aliyekata shauri la kufa hazuiliki. Ukimfungia mlango huu atatoka kwa ule. Imani hiyo si kweli, nayo imetugharimu watoto wetu. Waganga na wataalamu waliozungumza na watu walionusurika wamegundua jambo hili: kwa wengi, ile saa ya giza nene ni fupi. Huja kama gharika ya mto Nyamwamba, kwa nguvu ya kutisha, kisha maji hupungua. Aliyezuiwa saa ile, kwa kukosa kitu cha kujidhuru au kwa kupata mtu wa kumsemesha, mara nyingi huishi, na wengi hawajaribu tena. Kwa hiyo kuchelewesha ni kuokoa.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko Sri Lanka, kisiwa cha wakulima wa mpunga na chai. Kufikia mwaka 1995 nchi ile ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza ulimwenguni kwa watu kujiua, na sumu ya shambani ndiyo iliyokuwa mstari wa mbele. Serikali yake iliziondoa madukani, hatua kwa hatua, zile dawa zenye sumu kali kupita kiasi. Kufikia mwaka 2005 kiwango cha vifo vile kilikuwa kimeshuka kwa nusu. Kumbukeni kwamba katika miaka hiyohiyo Sri Lanka ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwishoni mwa mwaka 2004 ilipigwa na tsunami. Umaskini haukwisha, misiba haikwisha, ugomvi wa nyumbani haukwisha. Kilichobadilika ni kile kilichokuwa rafuni mwa duka. Wala mashamba hayakuacha kuzaa.

Nasema haya Bwera kwa sababu sisi pia ni watu wa mashamba na watu wa misiba. Kahawa ya milima ya Rwenzori, pamba ya uwandani, nyanya na vitunguu vya bustanini, vyote hunyunyiziwa dawa. Na tumelia sana. Tulikabili Ebola mwaka 2019. Mwaka 2020 mito ilibeba nyumba zetu. Tarehe 16 Juni 2023 washambuliaji waliwaua watoto wetu katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, na ziko nyumba ambazo mpaka leo sahani ya mtoto haijaondolewa kabatini. Watu waliobeba mizigo ya namna hii hawahitaji kurahisishiwa njia ya kufa.

Sasa niingie katika soko jipya, soko la simu. Leo kijana hahitaji kupanda bodaboda hadi mjini. Hufungua simu yake usiku, peke yake, akaiuliza maswali ambayo hawezi kumwuliza mama yake. Kuna wawili wanaomjibu: yule anayeelekeza, yaani mitambo ya kutafutia habari kama Google, na yule anayeuza, yaani maduka ya mtandaoni. Hawa wawili nao wako katika nafasi ya yule mzee wa duka. Tofauti ni kwamba mzee yule alikuwa na macho ya kuona uso wa mteja. Mtambo huona maandishi tu. Lakini maandishi hayo mara nyingi husema wazi kuliko uso.

Si jambo la kubuni. Mwaka 2023 polisi wa Kanada walimkamata mtu waliyemshuku kuwauzia watu kupitia mtandao vitu vya kujidhuru. Walisema vifurushi vipatavyo 1,200 vilipelekwa katika nchi zaidi ya 40. Huko Marekani, familia zilizofiwa ziliipeleka kampuni ya Amazon mahakamani, zikidai kwamba iliendelea kuuza bidhaa iliyotumiwa na watoto wao, na kwamba mtambo wake uliwapendekezea wanunuzi vitu vingine vya kuandamana nayo. Kampuni ilikana kuwa na hatia. Mimi si hakimu wa kesi hiyo. Natazama tu swali lililoulizwa: je, muuzaji aweza kusema “mimi ni duka tu”? Huko London, mwaka 2022, ofisa anayechunguza vyanzo vya vifo aliamua kwamba picha na maandishi aliyoletewa msichana wa miaka 14 na mitandao ya kijamii vilichangia kifo chake. Mwaka uliofuata Uingereza ilipitisha Sheria ya Usalama Mtandaoni, inayoyabebesha makampuni hayo wajibu.

Na haki itendeke kwa pande zote: yako yaliyofanywa vema. Tangu mwaka 2010 Google ilianza, kwanza Marekani, kuweka nambari ya simu ya msaada juu ya majibu yote pale mtu anapoandika maneno ya kutaka kufa. Hilo ndilo swali la “unalima nini, mwanangu?” likiulizwa na mtambo. Lakini ombi letu sisi watu wa mpakani ni hili: mkono huo unyoshwe pia kwa yule anayeandika kwa Kiswahili, kwa Lhukonzo, kwa Kinande na kwa Kifaransa. Uchungu wa mtoto wa Kasindi au wa Karambi haupungui kwa kuwa hakuuandika kwa Kiingereza. Na nambari atakayoonyeshwa iwe ya mtu wa karibu naye, anayepokea simu na kuelewa lugha yake.

Hata hivyo, hatuwezi kukaa tukingoja makampuni ya ng'ambo. Duka la Bwera liko mikononi mwetu. Nawaomba wenye maduka ya dawa za kilimo mambo matano. Kwanza, dawa kali zikae nyuma ya meza, ndani ya kabati lenye kufuli, si pale mteja anapojichukulia. Pili, ulizeni: unalima nini, shamba lina ukubwa gani, nani atanyunyizia? Mkulima wa kweli hujibu kwa furaha, na pengine utamshauri vema zaidi. Tatu, msimuuzie mtoto, mlevi, wala mtu anayelia. Mwambieni dawa itatolewa kesho, au aje na mkubwa wa nyumbani. Nne, msiimimine dawa katika chupa za soda na kuiuza kwa vipimo vidogo. Tabia hiyo inaua hata watoto wachanga wasiojua lolote. Tano, msipokee mali isiyo na maandishi wala usajili, iwe imevuka kutoka huku au kutoka kule. Sheria yetu ya Udhibiti wa Kemikali za Kilimo inamtaka mwenye kuuza kemikali hizo awe amesajiliwa, nasi tutaifuata.

Kwenu vijana wa bodaboda: nyinyi ndio mikono ya duka la mtandaoni. Kifurushi kina mwenyewe. Ukimkuta mwenyewe katika hali ya kutisha, usimwache peke yake ukakimbilia safari nyingine. Mwite jirani.

Kwenu wazazi: dawa za shambani zifungiwe mbali na chumba cha kulala. Na mtoto akisema “ningekufa tu mpumzike”, msimpige wala msimcheke. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Wataalamu wanatuhakikishia kwamba kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia mlango wa kusema. Na ninyi nyote wenye simu: msisambaze picha za aliyejiua wala maelezo ya namna alivyofanya. Picha hiyo humfikia mwingine aliye ukingoni.

Sasa nizungumze kama askari juu ya sheria, kwa sababu najua ndilo jambo linalowafanya mfiche. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu ya Uganda ingali inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kule Kenya, Mahakama Kuu iliamua mnamo Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba yao. Kwetu, mwenye kubadili sheria ni Bunge, si afisa wa polisi. Lakini nawaambia yale ninayowaambia askari wenzangu: mtu aliyejaribu kujiua ni mgonjwa kwanza. Mpelekeni hospitali ya Bwera, Kagando au Kilembe, mara moja, bila kungoja karatasi ya polisi na bila kuogopa pingu. Mficha maradhi, kifo humwumbua. Sheria hiyohiyo, kwa upande wa pili, ni kali sana kwa mtu anayemsaidia au kumshawishi mwingine ajiue, awe uso kwa uso au kwa simu. Huyo ndiye tutakayemtafuta.

Msaada upo. Kwa hatari ya papo hapo pigeni 999 au 112. Kwa mtoto aliye taabuni, pigeni 116, simu ya Sauti. Kwa mazungumzo na mshauri wa afya ya akili, shirika la Mental Health Uganda lina simu ya bure, 0800 212 121. Ndugu zetu wa upande wa pili wa mto, mkiwa karibu na daraja njooni kwetu. Mto Lhubiriha haujawahi kuzuia machozi kuvuka, basi usizuie msaada.

Namalizia kwa yule mzee. Nilimwona tena miaka kadhaa baadaye. Duka lilikuwa lilelile, lakini dawa zilikuwa zimehamia kwenye kabati la chuma, na mbele yake palikuwa na kiti cha mbao. Nilimwuliza kiti ni cha nini. Akanijibu: “Afande, anayekuja kununua dawa kali, kwanza namkaribisha akae.”

Tuweke kiti hicho katika kila duka la Bwera na Kasese. Na wale wenye maduka makubwa ya mtandaoni, walio mbali, tuwadai nao watengeneze chao.